Mwaka wa Fulana za Waingereza

Zaina alinipigia simu asubuhi kunieleza kwamba mama yake, Bi Saada, amefariki. Nikampa pole, nikauliza mazishi ni saa ngapi, kisha nikarudi jikoni kumalizia kuchambua mchele. Sikulia. Nilisafiri mpaka Dodoma, nikaingia katika nyumba ile ile nyuma ya soko, nikavua viatu, nikakaa mkekani katikati ya wanawake waliokuwa wakisoma Kurani, nikala wali wa msibani, na machozi hayakuja. Nilimsikia jirani mmoja akimwuliza mwenzake mimi ni nani. "Alikuwa mpangaji hapa, zamani sana," mwenzake akajibu. Hilo ni kweli, na lingeweza kutosha. Lakini nilipokwenda uani kunawa mikono niliuona mlango wa chumba nilichokuwa nikilala, sasa kimejaa kreti za soda, nikasimama pale hadi mtu aliyekuwa nyuma yangu akaniomba nimpishe. Mtu akiniuliza nilianza lini kuwa mtu mzima, sitaji arusi yangu wala uzazi wangu. Nautaja mwaka niliokaa katika chumba kile, mwaka ambao sikufanya kazi yoyote ya maana isipokuwa kusoma migongo ya fulana za Waingereza.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Vitu vilikuwa vimerudi madukani, sabuni ya kunukia, betri, biskuti za kopo, na wenye kazi ya kuwawezesha kuvinunua walikuwa wanapungua. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika shirika moja la umma, msichana aliyetoka Haneti na cheti chake, na sikuwa nimeizoea hata njia ya kwenda kantini. Siku moja tukakusanywa uwanjani, yakasomwa majina ya watakaobaki. Jina langu halikusomwa. Nilisubiri nihisi kitu, aibu au hasira au hofu. Hakikuja kitu. Niliokota mkoba wangu nikarudi chumbani, nikavua gauni la kazini, nikalikunja, nikaliweka sandukuni. Nimewasikia watu wakisimulia kupunguzwa kwao kwa kelele na machozi. Kwangu ilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi: unaugusa, unajua ni wako, lakini hauhisi chochote. Ganzi hiyo ilidumu karibu mwaka mzima.

Mwenye nyumba, Mzee Idi, alikuwa mtu wa shirika lile lile, na ndiyo sababu nilipata chumba kwake. Shirika lilikuwa na bendi ya dansi, kama mashirika mengi ya wakati ule, na yeye ndiye aliyekuwa akipuliza saksafoni tangu ujana wake. Vyombo vilikuwa mali ya shirika, sare mali ya shirika, hata jina la bendi lilikuwa mali ya shirika. Asubuhi ile ile ya kusomwa majina, gari lilikwenda kwenye ukumbi wa mazoezi likabeba ngoma, magitaa, spika na saksafoni, likavipeleka bohari. Wanamuziki walipofika walikuta ukumbi umefagiliwa. Hawakupiga dansi la mwisho. Mzee Idi alirudi nyumbani na koti la bendi ambalo hakuna aliyekumbuka kumdai, akakaa kwenye kiti cha kamba barazani, na tangu siku hiyo alisema maneno ya lazima tu: maji, chumvi, marahaba. Wakati mwingine vidole vyake vilitembea juu ya goti lake vikibonyeza vitu ambavyo havikuwepo. Akigundua nimeona, alivikunja.

Kwa hiyo tulikuwa wawili tuliopunguzwa katika nyumba moja, na Bi Saada, mkewe, ndiye aliyetulisha. Alikaanga vitumbua vya kuuza, na vilivyopasuka tulivinywea chai ya rangi. Ijumaa alipika wali. Siku nyingine tulikula ugali wa uwele, na mimi nilimfundisha kupika mlenda wa kwetu, akaupika kila wiki huku akiulalamikia. "Mgogo wewe umeniletea utelezi nyumbani kwangu," alisema, akichovya tonge tena. Yeye na mumewe walikuwa Waislamu wa mjini, wajukuu wa watu waliokuja na misafara kutoka Unyamwezi wakakaa, na kwa kuwa Wanyamwezi na Wagogo ni watani, nilitukanwa katika nyumba ile tangu siku ya kwanza, kwa upole na bila kukoma. Nilipoacha kuleta kodi hakuuliza. Sahani yangu iliwekwa mkekani kabla sijabisha hodi. Nilimpenda kwa jambo hilo, na naliandika hapa kwa sababu yeye mwenyewe sikupata kumwambia.

Zaina, binti yao, alikuwa ameachika na kurudi nyumbani, na alikuwa akiuza mitumba sokoni. Kafa Ulaya, watu waliiita wakati ule, kwa kuwa waliamini ni nguo za Wazungu waliokufa. Wenzake waligombea mashati na suruali za kitambaa. Yeye alikuwa na ulimi mkali na mtaji mdogo, kwa hiyo aliachiwa fulana, hasa zile za kutisha ambazo hakuna aliyezitaka: nyeusi, zenye mafuvu, zenye wanaume wa nywele ndefu waliofumba macho kana kwamba jino linawauma. Siku ya kufungua belo, robota zima la nguo, alilileta uani, akakata kamba, harufu ya dawa ikatoka, akaanza kurusha. Jioni moja fulana ikaangukia magotini mwangu. Mbele kulikuwa na picha ya kikundi. Mgongoni kulikuwa na majina ya miji na tarehe, kuanzia shingoni hadi kiunoni.

"Hebu nisomee, shoga," Zaina akasema. "Wewe si umesoma? Hiyo ni orodha ya nini, ya wafu?"

Nikamweleza kwamba ni wanamuziki wa Uingereza. Wakizunguka kupiga muziki, fulana huchapishwa ziara yao yote, mji kwa mji, na watu hununua ili kuonyesha kwamba walikuwepo. Zaina akakaa chini. "Kwa hiyo mtu anavaa safari ya mwenzake mgongoni," akasema. Alifikiri kidogo. "Hiyo nitaiuza."

Ndivyo kazi yangu ilivyoanza. Asubuhi nilikwenda maktaba, kulikokuwa na magazeti machache ya nje, ya zamani, yaliyotolewa na mtu fulani, nikasoma nilichoweza kupata juu ya wale wa kwenye fulana. Jioni nilisoma migongo. Kwa kuwa mitumba huja bila mpangilio, ziara ya mwaka wa mwisho iliweza kufika kabla ya ile ya kwanza, na tukazipanga kwenye kamba ya kuanikia nguo, ujana upande wa choo na uzee upande wa jiko. Mimi nilisoma, Zaina alijaza. Palipokosekana habari aliweka ya kwake, na keshoye sokoni nilimsikia akiisimulia kwa wateja kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo. Sijui ni kiasi gani cha niliyoyakumbuka baadaye juu ya muziki wa Uingereza ni kweli na kiasi gani ni cha Zaina. Mpaka leo wanangu wakisikiliza nyimbo za huko, mimi nanyamaza.

Kulikuwa na Mafuvu, kama tulivyowaita, watu wa muziki wa kelele za magitaa. Walitoka mji wa viwanda vya chuma, wakaanzia katika vilabu vya pombe, na kwenye fulana yao ya kwanza miji yote ilikuwa ya kwao. Baadaye migongo yao ikajaa Ulaya, Amerika, Japani. Hakuna mtu wa mjini aliyetaka mafuvu kifuani, lakini wachoma mkaa waliyanunua kwa sababu weusi ule hauonyeshi uchafu, na kwa muda mrefu barabara ya kutoka Zuzu ilijaa mashabiki wa roki waliobeba magunia. Kulikuwa na mwanamke wa gitaa lisilo la umeme, aliyeimba nyimbo za zamani za wavuvi na wachunga kondoo. Fulana zake tatu nilizopata zilitaja kumbi zile zile ndogo, makanisa, maktaba, shule. Hakupanda wala hakushuka. Huyo nilimpenda kuliko wote na sikuwa na nguvu ya kujiuliza kwa nini. Kulikuwa na vijana wawili wa vinanda vya umeme waliojipaka poda usoni. Fulana yao ilikuwa moja tu, ya mwaka mmoja, na hatukuwaona tena. "Wameoa," Zaina alisema, akafunga maisha yao hapo.

Walioleta ubishi walikuwa wale wa rege. Walikuwa weusi, watoto wa watu waliohamia Uingereza kutoka visiwani Karibiani, na Zaina alikataa kuamini kwamba ni Waingereza mpaka nilipomwonyesha jina la mji wao lilipochapwa kifuani. Waliuzika kuliko wote. Kisha likaja belo lenye fulana mbili za jina moja, ziara mbili za mwaka mmoja, sura tofauti. Gazeti la maktaba lilieleza: waligombana, wakagawanyika, kila upande ukadai jina ni lake, mpaka wakapelekana kwa hakimu. Niliyasimulia hayo wakati tunakula. Mzee Idi alikuwa anakula nje, upande wa pili wa pazia, kama kawaida yake. Tulisikia kijiko kikisimama.

"Jina lilikuwa lao?" akauliza.

Lilikuwa swali la kwanza kuniuliza tangu tupunguzwe. Nikamjibu kwamba lilikuwa lao, ndiyo maana waliweza kuligombania.  Kijiko kikaendelea.

Baada ya hapo alianza kukaa karibu na kamba ya nguo. Hakuomba kusomewa. Alishika tu upindo wa fulana fulani, nami nikasoma. Alimpenda zaidi mzee mmoja wa tai ya kipepeo, aliyeimba nyimbo za kuchezea dansi la taratibu mbele ya vinanda na matarumbeta mengi. Ziara zake zilikuwa za mchana, miji ya pwani, na chai ilikuwa ndani ya tiketi. "Huyo anajua," Mzee Idi alisema. "Watu wazima hawataki kuchelewa kulala." Kisha ikafika siku ya Mafuvu. Zaina alileta fulana mpya iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba hiyo ndiyo ziara yao ya kuaga. Nikaisoma mji kwa mji, ikaanikwa mwisho kabisa upande wa jiko, na nadhani sote tulihuzunika kidogo. Wiki chache baadaye belo jingine likafunguliwa, na ndani yake kulikuwa na Mafuvu tena, tarehe za baada ya zile, ziara ya kuaga.

"Waliaga, wakarudi, wakaaga tena?" Mzee Idi akauliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mzee."

"Na watu wakaenda tena kuwaaga?"

"Miji ni mingi kuliko ya kwanza."

Alicheka. Hakikuwa kicheko cha furaha, lakini kilikuwa kicheko, na Bi Saada alitoa kichwa jikoni na mwiko mkononi kuona nani amekuja. "Wenzangu wanaaga kila mwaka," Mzee Idi akasema. "Mimi hata mara moja sikuaga. Nilipuliza saksafoni ujana wangu wote, na siku ya mwisho nilikuta ukumbi umefagiliwa." Akainuka kitini. "Nataka niage. Mara moja. Nipige wimbo ule wa kufungia dansi mpaka mwisho, watu wakiwa wanasikia, kisha niache."

Chumba changu kilipakana na chao, na usiku ule niliyasikia yote. Bi Saada hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua ni hasira, lakini alizungumza kwa sauti ya mtu anayemsihi mgonjwa. "Huo ni uchuro, Idi. Mtu mzima hajiagi. Anayeaga watu wa mji mzima anakwenda wapi? Kaka yangu alizunguka akiwaaga ndugu, akisema anatania tu, hakumaliza mwezi." Mzee Idi akamjibu kwamba Wazungu wanaaga na hawafi. "Wale wana kifo chao na sisi tuna chetu," Bi Saada akasema. Kisha nikamsikia mzee akisema, taratibu, "Saada, mimi tayari nimekufa. Ninachoomba ni tanga langu." Nilikuwa nimelala chali nikiangalia bati. Nilijua kwamba nimesikia jambo zito sana. Nililijua kwa akili, na moyo ukakaa vile vile.

Mabishano hayo yangeweza kuwa ya bure, kwa sababu hakukuwa na saksafoni. Lakini shirika lilitangaza mnada wa vitu vya bohari. Mzee Idi hakutaka kwenda, tukaenda mimi na Zaina. Vyombo vya bendi viliuzwa pamoja na meza na makabati ya mafaili. Dalali aliishika saksafoni kwa shingo kama anayeshika kuku, akasema hata yeye hajui inaliaje, watu wakacheka. Ilichukuliwa na watu wa kanisa moja la Mpwapwa waliokuwa wakitafuta matarumbeta kwa ajili ya bendi yao. Mashine yangu ya kupigia chapa iliuzwa baada ya hapo. Niliitambua kwa herufi moja iliyokuwa imelika. Niliiangalia ikipakiwa kwenye gari, na Zaina akanishika bega akidhani nitalia. Nikamwambia twende, jua kali.

Tulipomweleza Mzee Idi, akasema, "Mpwapwa si mbali." Tangu hapo Bi Saada akawa anaunguza vitumbua. Siku mbili akamnyima mumewe maneno, siku nyingine akampikia vyakula vyote anavyovipenda. Nilimwona akihofia kweli. Hakuwa mwanamke wa kumtawala mumewe kwa visingizio. Aliamini kabisa kwamba mumewe akiumaliza wimbo ule mbele za watu, roho yake itajua safari imekwisha. Na aliona pia, kama tulivyoona sote, kwamba mtu aliyekaa barazani bila maneno hakuwa anaishi. Siku moja nikiwa nachekecha unga akakaa mbele yangu kwenye kigoda.

"Nyemo, wewe ni mtani wetu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mtani ana ruhusa msibani. Anacheza, anamtukana marehemu, anaweza hata kulala kwenye kitanda cha maiti na mauti hayamfuati, kwa kuwa yeye anatania. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi Idi asijiage. Utamwaga wewe. Simama mbele ya watu umfanyie tanga la utani, ili mauti yakisikia yajue ni mchezo. Na ule wimbo wa kufungia," akanishika kifundo cha mkono, mkono wake una unga, "ukikaribia kwisha, umnyang'anye. Mtani ana haki ya kunyang'anya. Asiumalize. Umenielewa, mwanangu? Aupige, afurahi, lakini asiumalize."

Nikamwambia nimeelewa. Nilielewa pia kwamba Mzee Idi alikuwa anaomba kitu kimoja tu, nacho ni kuumaliza. Mmoja wao angekosa, na mkono wa kuamua ulikuwa wangu. Ni ajabu kumpa mtu aliyekufa ganzi kazi ya namna hiyo.

Tulikwenda Mpwapwa Jumamosi, mimi na wazee wawili, Zaina akabaki na biashara yake sokoni, Mzee Idi akiwa na koti la bendi lililopigwa pasi na, ndani ya leso, kijimwanzi chembamba cha kuweka mdomoni mwa saksafoni alichokuwa amekitunza. Mwalimu wa bendi ya kanisa, mtu mnene mwenye haya, alitupokea kwa shikamoo nyingi. Alikiri kwamba waliinunua saksafoni wakidhani ni aina ya tarumbeta, na tangu ifike hakuna aliyeweza kuitoa sauti. Ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha meza ya Bwana. "Mzee, ungekaa ukatufundisha," akasema. Mzee Idi akatikisa kichwa. "Nimekuja kuaga, mwalimu. Kufundisha ni kuanza." Mwalimu hakuona ubaya wowote. Alitoa ua wa kanisa baada ya mazoezi, vijana wake wakakubali kupiga ngoma nyuma, na kufikia alasiri watu walikuwa wamejaa: wanakwaya, wanafunzi wa chuo cha mifugo, wachuuzi wa karanga, na watu wazima kadhaa waliolikumbuka koti lile kutoka madansi ya zamani.

Nikasimama. Sikuwa nimewahi kusimama mbele ya watu wengi kiasi kile. "Mbukwa!" nikawasalimia kwa Kigogo, na ua mzima ukaitika. Nikasema nimekuja kumzika mtani wangu Mnyamwezi, naomba wasilie kwa sababu hastahili. Nikasema babu yake alipita kwetu na pembe ya ndovu kichwani, akaomba maji, tukampa, na ukoo wake haujaondoka mpaka leo. "Mlitutoza ushuru hata wa hayo maji!" Mzee Idi akajibu kutoka kitini, watu wakapiga makofi. Kisha, bila kupanga, nikaanza kumsoma kama nilivyozoea kusoma migongo, mji kwa mji. Huyu alipiga Zuzu, watu wa reli wakasahau treni. Alipiga Haneti mwaka wa mavuno, mama yangu mdogo akacheza mpaka akateguka, anachechemea mpaka leo. Alipiga Kongwa, ng'ombe wakakataa kukamuliwa mpaka arudie wimbo. Leo anapiga Mpwapwa, na hapa ndipo kaburi lake. Bi Saada alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Nilisikia sauti yangu ikiwa kubwa, ikipanda juu ya kicheko cha watu, na nikagundua kwamba nimefurahi. Nilifurahi sana. Ilinishtua kama kumkuta mtu niliyemdhani amehama.

Mzee Idi akapuliza. Mwanzoni pumzi ilimkataa, ikatoka sauti ya mbuzi, nami nikamtukana kwa hilo pia. Baadaye ikaja. Sitajaribu kuueleza muziki ule. Nitasema tu kwamba wanaume wawili wa makamo waliingia katikati ya ua wa kanisa wakacheza dansi la taratibu, kila mmoja na mkewe, na mwalimu wa bendi alivua miwani akaifuta mara nyingi. Alipoanza wimbo wa kufungia, ule alioutunga mwenyewe, Bi Saada alinisukuma mgongoni. Nikasogea mpaka ubavuni pa mzee. Nilijua wimbo umefika wapi kwa jinsi waliokuwa wakiukumbuka walivyoanza kushikana mikono. Mkono wangu nikauinua. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, mishipa ya shingo imesimama, na uso wake ulikuwa uso ambao sikuwahi kuuona barazani hata siku moja. Nikaushusha mkono. Sikuweza, na nisingeweza hata leo.

Ndipo yeye mwenyewe akafumbua macho. Hakunitazama mimi. Alimtazama mkewe, aliyekuwa amesimama na kanga mdomoni, na nadhani alijua muda wote kwamba kulikuwa na mpango. Sauti ikakatika katikati ya mstari. Watu wakasubiri. Hakuna aliyepiga makofi kwa sababu kila mtu alijua kuna kipande kimebaki. Mzee Idi akaitoa saksafoni mdomoni, akanikabidhi mikononi, na kusema kwa sauti ya wote kusikia, "Haya mtani, umeninyang'anya. Mgogo hajaacha wizi." Wakacheka, wakashangilia. Mimi nilikuwa nimeikumbatia ile saksafoni, yenye joto la mikono yake, na machozi yakanitoka mbele ya watu wote. Walidhani ni sehemu ya utani.

Tulikaa stendi kusubiri basi la kurudi, sisi watatu kwenye benchi, na karanga za kukaanga katika kipande cha gazeti. Mzee Idi hakuwa na kinyongo, alikuwa mtu aliyetoa kitu akajua amekitoa. Bi Saada alilichukua koti la bendi, akalikung'uta vumbi, akaanza kulikunja juu ya mapaja yake, mkono mmoja kwanza, kisha wa pili. Na alipokuwa akikunja, akaanza kuimba kwa mdomo uliofungwa. Sikuelewa kwa haraka. Aliuanza mstari pale ulipokatikia, akaupeleka juu kulikopaswa kwenda, akaushusha polepole, akaufikisha chini kabisa mpaka ukaisha.

Mzee Idi aligeuka akamtazama. "Umejulia wapi mwisho wake? Hata redioni haukupata kurekodiwa."

"Ulikuwa ukiufanyia mazoezi nyumbani kwa nani?" Bi Saada akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye koti. "Haya, umekwisha. Tumeaga wawili. Kama ni uchuro, na ututafute sote."